Wanataka Nisaini Kwamba Majibu ya Damu Niliyabuni

Wasomaji wangu, barua ya kwanza kati ya hizi ilinifikia Julai mwaka huu wa 1997, ikitoka Dodoma. Sikuichapisha. Aliyeiandika alikuwa amebakiwa na siku tisa tu na gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki, kwa hiyo nilimjibu kwanza yeye mwenyewe, jibu likaenda kwa basi. Sasa ameniruhusu niziweke zote hapa. Majina nimeyabadili, likiwamo lake, ingawa alinisihi nisiliguse. Vyuo vikuu vinavyohusika sivitaji.
Mama Dorkasi

*

Mama Dorkasi, shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili na hii ya tatu naituma hivyo hivyo ilivyo, unisamehe kama inakimbia. Naitwa Kudra, nina miaka thelathini na moja, nakaa Nkuhungu na mama yangu na mwanangu mmoja, mume tuliachana, na kazi yangu ni fundi wa maabara, mwaka wa tisa huu, na kabla hujanihukumu ujue kwamba nimefanya makosa mawili, nitakueleza yote, ila kosa wanalotaka nilikiri si mojawapo ya hayo.

Maabara yetu ni ya serikali lakini siku hizi tunakosa hata spiriti ya kufutia meza, ndiyo maana mkuu wetu, Bwana Ludovick, anawakaribisha watafiti wa vyuo vikuu waje na vifaa vyao watumie meza zetu na sisi mafundi wake. Mwaka huu tumepata wawili, kila mmoja na chuo chake na wafadhili wake. Meza ya dirishani ni ya Dkt. Generosa, daktari wa kina mama, anachunguza kwa nini wanawake wa vijiji vya Kondoa wanaharibikiwa mimba. Meza ya mlangoni ni ya Dkt. Ebrahim, daktari wa mifugo, mtoto wa hapa hapa mjini, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, na yeye anachunguza kwa nini ng'ombe wa vijiji vile vile vya Kondoa wanatupa mimba. Mama, kati ya meza hizo mbili ni hatua sita, na miezi minne mizima sikuwahi kuwasikia wakiongea zaidi ya kusalimiana.

Mwezi wa tatu nilikwenda kijiji cha Busi na timu ya Dkt. Generosa kutoa damu kwa wanawake arobaini waliowahi kuharibikiwa mimba, tukawapima malaria na kaswende, karibu wote hawakuwa na kitu, tukafunga daftari tukaondoka. Mwezi wa tano nikarudishwa Busi ile ile na timu ya Dkt. Ebrahim, safari hii damu ya ng'ombe, na kwenye nyumba ya tatu akatoka mwanamke mmoja, Rukaya, mke wa Swalihu, akanitazama akasema, "Dada, si wewe ulinichoma sindano mwezi wa tatu? Leo umekuja kumchoma na ng'ombe wangu? Majibu yangu mimi umeyapeleka wapi?" Akanishika mkono akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana mimba ya miezi miwili, ya nne hiyo, tatu za kwanza zote zilitoka zilipofika miezi mitano, na yule ng'ombe wao mwekundu ametupa ndama mara mbili na yeye Rukaya ndiye aliyemzalisha kwa mikono yake na kulivuta kondo lililokwama. Mama Dorkasi, nilipanda gari nikawa sisikii wenzangu wanaongea nini.

Sasa hapa ndipo kosa langu la kwanza. Kipimo cha ng'ombe ni chepesi, unaweka tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, unaongeza tone la dawa ya rangi ya waridi, unatikisa dakika nne, ikibaki laini hakuna kitu, ikikatika vipunje kama maziwa yaliyoharibika basi ugonjwa wa kutupa mimba upo. Ng'ombe wa Rukaya alikatika kabla hata sijamaliza dakika ya kwanza. Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wametoka, nikafungua friji nikachukua kichupa cha damu ya Rukaya kilichobaki tangu mwezi wa tatu, ambacho ni mali ya Dkt. Generosa, nikachukua dawa ya waridi ambayo ni mali ya Dkt. Ebrahim, bila kumwomba yeyote, wala Rukaya mwenyewe, nikaweka tone juu ya tone. Ikakatika. Nilirudia, ikakatika. Wiki iliyofuata, kila saa ya chakula nikapima wengine mpaka wakatimia arobaini, na kumi na saba kati yao damu yao ilikatika, na wengi wao wametoka kwenye nyumba ambazo na ng'ombe wamekatika.

Nikaenda kwa Dkt. Generosa nikamwambia, "Daktari, hawa kina mama umewahi kuwauliza habari za ng'ombe wao?" Akasema, "Kudra, mimi sitibu ng'ombe." Nikaenda kwa Dkt. Ebrahim, yeye ni mpole zaidi, akasema, "Dada Kudra, watu si eneo langu, nikiingilia hapo nitaonekana nadandia kazi ya mwenzangu." Basi nikawaonyesha karatasi yangu. Mama, moto ukawaka, lakini si kwa ajili ya Rukaya. Dkt. Generosa akasema chuo cha mwenzake kimenituma kuiba damu yake, Dkt. Ebrahim akasema ni chuo cha Dkt. Generosa kilichonituma kuiba dawa yake, na Bwana Ludovick akanifokea mbele ya wafagiaji kwamba kila mtafiti ana rejista yake na kazi yangu ni kutikisa kigae, si kufikiri. Nilimwambia, "Bosi, kigae nimekitikisa. Nilichokiona ndicho hicho." Hilo sijutii.

Nikangoja wiki tatu, hakuna aliyekwenda Busi. Mimba ya Rukaya imeshafika mwezi wa nne, mwezi wa tano ndio anaopoteza, nikaomba ruhusa ya siku mbili nikadanganya kwamba mama anaumwa, nikapanda basi mpaka Kondoa na kutoka hapo nikaenda Busi. Nikamkuta Rukaya uwanjani anapepeta uwele, na wifi yake na jirani wamekaa pale, na mimi kwa haraka yangu nikasema pale pale, chemsha maziwa, usiguse tena kondo la ng'ombe kwa mikono mitupu, uende hospitali ya wilaya wakupime upya, ugonjwa umeonekana kwenye damu yako na ya ng'ombe wako. Hilo ndilo kosa langu la pili. Kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa kinasema nyumba ya Swalihu ina ugonjwa. Wachuuzi wa maziwa wanaokuja na baiskeli wakaipita nyumba yake, Swalihu akaona aibu na hasira, akamrudisha Rukaya kwa mama yake, akaenda kulalamika wilayani, na kutoka wilayani barua ikafika mezani kwa Bwana Ludovick.

Sasa amenipa karatasi iliyopigwa chapa tayari, inasema, "Mimi Kudra nakiri kwamba majibu niliyoyatoa Busi niliyabuni na hayakutokana na kipimo chochote." Nikisaini, yameisha, nabaki kazini. Nisiposaini, jina langu linaingia kwenye orodha ya watakaopunguzwa Agosti, na wewe unajua watu wanavyopunguzwa sasa hivi, hakuna anayeuliza kwa nini. Mama yangu analia, ananiambia, "Kudra, ni wino tu, saini ule." Ningeweza kubishana na mama. Lakini juzi Rukaya mwenyewe kanitumia ujumbe kwa mtu, kwamba mume wake amesema akiona karatasi ya serikali inayosema ilikuwa uongo, atamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipokwama. Kwa ajili ya kazi yangu nisingesaini, wallahi, wangenipunguza tu. Lakini ni mimi niliyeivunja nyumba ya yule mwanamke, na uongo wangu unaweza kuijenga. Nifanye nini? Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho. Ukiichapisha, jina langu liandike lote, nimechoka kunong'ona.

Kudra, Nkuhungu

*

Kudra, marahaba. Usisaini. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa uwe umelipata.

Sasa kaa nikugombeze. Ulitumia damu ya wanawake arobaini kwa jambo ambalo hawakuliridhia. Rukaya alikunyooshea mkono kwa shughuli moja, wewe ukaongeza ya pili bila kumwuliza, na kuwa na nia njema hakukupi ruhusa. Halafu ukaenda kuyamwaga ya mwilini mwake uwanjani, mbele ya wifi! Miaka tisa maabara na hujui kwamba majibu husemwa mlango ukiwa umefungwa? Mimi nilikuwa mkunga miaka kumi na saba kabla sijashika kalamu hii. Nimemwona mwanamke akipoteza ndoa kwa neno moja la nesi aliyesahau kushusha sauti. Hili ulilolifanya ni zito, na utalibeba.

Lakini sikia jambo moja ambalo naona hukuliona. Uliniambia damu za kumi na saba kati ya arobaini zilikatika. Kumi na saba! Basi kwa nini kijiji kinaitenga nyumba moja? Kwa sababu wewe uliitaja moja. Ungesimama ukasema maziwa yachemshwe Busi nzima, hakuna mchuuzi ambaye angempita Swalihu peke yake. Kilichomharibia Rukaya ni ukweli ulioukata kipande. Hautengenezwi kwa uongo, unatengenezwa kwa kuutoa wote.

Na huo uongo wenyewe hebu tuutazame. Unasaini, Swalihu anaonyeshwa muhuri wa serikali, anamrudisha mke. Wanakaa jioni wanakunywa maziwa mabichi, kwa sababu Kudra wa maabara kasema yalikuwa ya kubuni. Mwezi wa tano wa mimba unaingia. Utakuwa wapi siku hiyo? Utakuwa na kazi yako, ndiyo. Utamrudishia mume kwa mkono huu na umnyang'anye mtoto kwa mkono huu. Usiniambie unafanya hivyo kwa ajili yake.

Kwa wale wasomi wako wawili nina maneno machache, na ukipenda wasomee. Sisi wakunga tuliwaandikia wanawake hawa "malaria" miaka na miaka bila hata kuwapima, kwa sababu hakuna aliyetufundisha kuuliza habari za zizi. Aliyejua habari za zizi alikuwa chuo kingine. Mwanamke wa Busi hana mwili wa chuo hiki na zizi la chuo kile. Ana asubuhi moja, na katika asubuhi hiyo anakamua, anapika, ananyonyesha. Daktari anayesema "mimi sitibu ng'ombe" na daktari anayesema "watu si eneo langu" wote wawili wamesema kweli, na ndiyo sababu ya kuvuta viti wakae meza moja. Kama kinachowauma ni nani atatajwa kwanza kwenye ripoti, warushe sarafu, lakini warushe upesi.

Haya, fanya hivi. Leo andika barua yako mwenyewe, usiitumie ile waliyokupigia chapa. Andika kwamba ulitumia damu bila ridhaa, kwamba ulidanganya ruhusa, kwamba ulisema siri hadharani. Yakiri hayo bila kujitetea. Kisha andika kwamba kipimo ulikifanya, siku gani, kwa dawa gani, kilionyesha nini, na kwamba hutakana. Nakala tatu, maneno yale yale, kwa bosi wako na kwa kila daktari, na ya nne uiweke kwa mtu unayemwamini. Ndani yake waombe kitu kimoja tu: damu mpya ya Rukaya, kwa ridhaa yake, ipimwe wote wawili wakiwa wamesimama hapo. Kabla ya Ijumaa nenda kwa Rukaya ukamwombe radhi. Usiende na mkono mtupu na usiende na visingizio. Akikufukuza, ondoka, lakini umwachie neno moja, achemshe.

Wakikupunguza, wamepunguza fundi aliyeona. Mwanao atakula, na wewe ni mtu wa mikono. Majuto ya kusaini ungeyanywa miaka yote. Mama yako mpe salamu zangu, mwambie wino huo hauliki.

Jina lako sitaliandika, hata ukinuna. Ushujaa wa gazetini haukusaidii kitu wiki hii. Ushujaa wako uhifadhi kwa Ijumaa.

Mama Dorkasi

*

Mama Dorkasi, shikamoo tena. Sikusaini.

Kwa Rukaya nilikwenda Jumapili. Mama yake alinifungulia mlango akaniacha nimesimama muda mrefu. Nilipoingia nilimwambia Rukaya nimekuja kuomba radhi, akasema, "Uombe, lakini usilie, mimi nimeshalia kwa ajili yetu wote." Nikamweleza kila kitu polepole, mlango umefungwa, pamoja na damu niliyoipima bila kumwuliza. Akanyoosha mkono. "Toa nyingine," akasema. "Sasa nimekuruhusu."

Ijumaa saa mbili asubuhi nikampa Bwana Ludovick barua yangu. Akaisoma amesimama, akasema, "Umejifukuza mwenyewe, Kudra." Nikamwambia, "Bosi, huko ninakofukuzwa nitakwenda na majibu yangu."

Dkt. Generosa alikuja mchana, nakala mkononi, uso umekunjamana. Nilijua atanigombeza. Akasema, "Hiyo dawa ya waridi iko wapi?" Nikasema si yangu, ni ya Dkt. Ebrahim. Akageuka, akatembea zile hatua sita, akamwambia, "Daktari, naomba tone moja." Dkt. Ebrahim akaja na kichupa mwenyewe. Wakainama wote wawili juu ya kigae kimoja, mimi natikisa tone la damu mpya ya Rukaya. Ilipokatika, Dkt. Ebrahim akasema taratibu, "Hii ningeijua hata gizani." Dkt. Generosa akavuta kiti akakaa, akasema, "Na mimi nimewaandikia kina mama hawa waende nyumbani wakapumzike."

Waliandika barua moja yenye sahihi mbili kwenda kwa vyuo vyao, wakisema wataifanya kazi pamoja, na nyingine kwa Bwana Ludovick kwamba nikipunguzwa, meza zote mbili zinahama. Sikupunguzwa. Nimeshushwa, naosha vioo vya maabara, na onyo limo kwenye faili langu kwa yale makosa mawili, nalo nimelipokea kwa sababu ni la haki. Kuosha vioo si haki, na hilo nimelikatia rufaa. Rejista ya Busi sasa ni moja: jina la nyumba, mama, mimba, ng'ombe, mbuzi, vyote mstari mmoja. Saa ya chakula naifungua, na siku hizi sijifichi.

Wanawake wale arobaini waliitwa mmoja mmoja, faragha, wakaulizwa upya kama wanaridhia. Wawili walikataa, na damu yao ikaondolewa. Rukaya anapewa dawa hospitali ya wilaya, na mimba ina miezi saba. Swalihu alimfuata mara mbili. Mara ya kwanza Rukaya alikataa kurudi. Mara ya pili alimwambia atarudi kama maziwa yatachemshwa na kama kondo la ng'ombe atalivuta yeye Swalihu, kwa mifuko mikononi, na kulifukia yeye. Swalihu alikubali huku ananung'unika. Wifi bado hasemi naye, wala na mimi.

Wiki iliyopita tulikwenda Busi, madaktari wote wawili na mimi, gari moja. Kijiji kilikusanyika penye kisima. Dkt. Ebrahim alieleza habari za ng'ombe, Dkt. Generosa akaeleza habari za watu, wakipokezana, na hakuna nyumba iliyotajwa. Watu waliuliza mengi, kuni za kuchemshia zitatoka wapi, ng'ombe aliyepimwa akakutwa nao atachinjwa au la, na mengine hawakuwa na majibu yake, wakasema hivyo.

Halafu Rukaya akasimama, tumbo mbele, akashika kiuno.

"Nawauliza waheshimiwa. Hivi vyuo vyenu, kutoka kimoja mpaka kingine, ni mbali?"

Madaktari wakatazamana. Dkt. Generosa akasema, "Si mbali, mama. Kwa basi ni kama saa tatu na nusu."

"Mimi nimezika watatu," Rukaya akasema, "mkingoja basi."

Dkt. Generosa alivua miwani, akasema, "Ni kweli, mama. Tumechelewa." Rukaya akamtazama mpaka akaridhika, kisha akaketi, na mzee mmoja wa nyuma akauliza maziwa yachemke mara ngapi.

Kudra